Hotuba juu ya Ushirika wa Kuuza Mali ya Nyumbani



Halmashauri ilitutaka tuchunguze jambo moja, nalo ni hili: Je, yafaa chama chetu, ambacho kazi yake tangu mwanzo imekuwa kuzika wafu wetu, kuangalia wagonjwa na kusaidia karo za watoto, kiingie katika kazi ya kuleta hapa Mombasa mali itokayo kwetu Ukambani, na kuuza kazi ya mikono ya watu wetu waishio hapa pwani? Tumepita sokoni Kongowea, tumekaa na wachongaji wa Changamwe chini ya vibanda vyao, tumesoma sheria ya vyama vya ushirika, na tumewasikiliza vijana wetu walioleta jambo hili kwa ari kubwa.

Jibu letu twalitoa mapema, ili mzee yeyote asikae na wasiwasi. Chama cha ustawi chenyewe kisifanye biashara hata ya shilingi moja. Fungu la maziko lisiguswe, lisiwekwe rehani, wala lisikopeshwe kwa mtu au kwa ushirika wowote. Maiti iliyolazwa katika chumba cha baridi haiwezi kungoja mpaka ndengu ziuzwe. Lakini wanachama wapendao, kwa hiari yao na kwa fedha zao wenyewe, twawahimiza waunde chama cha ushirika kilichoandikishwa peke yake, chenye hisa zake, daftari lake na mkaguzi wake wa hesabu. Sababu zetu ni hizi.

Tuanze na ndengu, ambazo wenyeji wa hapa huziita pojo. Mkulima wa Kitui au Makueni akivuna, mtu wa kwanza kumfikia ni mchuuzi aliyekuja na debe lake mwenyewe. Mizani hakuna. Debe hilo hujazwa mpaka likaota kilima juu, na kilima hicho hakihesabiwi. Kutoka hapo mzigo huenda kwa mwenye ghala, tena kwa dalali, tena kwa mwenye lori, tena Kongowea, tena kwa mwenye duka la mtaani Chaani au Mikindani. Na huko mke wa mwanachama wetu hununua kwa kikombe. Kila mkono uliopokea umechukua chake. Hatusemi kwamba wote ni wezi. Mwenye lori hununua mafuta na magurudumu, na barabara ya kutoka Kibwezi mpaka Mombasa si fupi. Tunalosema ni kwamba huyo mkulima na huyo mama huenda wakawa ni mtu na shangazi yake, wala mmoja hajui mwenzake amelipwa nini au amelipa nini. Hasara ya wote wawili imejificha katikati ya safari, mahali ambapo hapana hata mmoja wetu asimamaye.

Neno ushirika limetumiwa ovyo ovyo siku hizi, hata watu watatu wakichanga nauli hujiita ushirika. Maana yake halisi ni nyembamba zaidi. Katika mwaka 1844 mafundi 28, wengi wao wafumaji, walifungua duka dogo katika mji wa Rochdale, nchini Uingereza. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa, basi. Lakini waliweka masharti ambayo dunia nzima imeyaiga: mtu mmoja awe na kura moja, hata akiwa na hisa nyingi, vitu viuzwe kwa fedha taslimu, vipimo viwe vya haki na unga usichanganywe na kitu kingine, na faida irudishwe kwa mwanachama kwa kadiri ya alivyonunua. Hayo masharti ndiyo ushirika. Ukiyaondoa, kilichobaki ni kampuni ya watu wachache yenye jina zuri.

Hapa Kenya ushirika ulianza kwa walowezi. Chama chao cha Lumbwa kiliundwa mwaka 1908, na kwa muda mrefu mlango huo ulikuwa wao. Sheria iliyomfungulia Mwafrika njia ya kuandikisha chama chake ilikuja mwaka 1945, vita vilipokuwa vikimalizika. Baada ya Uhuru serikali ilitunga sheria mpya mwaka 1966, na Benki ya Ushirika ikaanza kazi mwaka 1968. Hayo yatosha juu ya tarehe. Twayataja kwa sababu wako vijana wadhanio kwamba ushirika ni jambo la kuletewa na wafadhili, hali babu zao walipaswa kungoja ruhusa ya sheria ili wauze mazao yao pamoja.

Sasa tuje kwa wachongaji, maana hapa ndipo penye mafunzo yaliyo karibu nasi zaidi, na katika chama hiki wako wengi waliosomeshwa kwa tezo na patasi.

Kazi hii, kama ilivyo leo, husimuliwa kwamba ililetwa Wamunyu na mzee Mutisya Munge. Alichukuliwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akafika Tanganyika, na huko akawaona Wazaramo wakichonga mpingo. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, lakini vigoda, fimbo na vyombo vya nyumbani; huyu alirudi na fikira ya sanamu za kuuza. Akawafundisha jamaa, jamaa wakafundisha majirani, na baada ya miaka michache vinyago vya Wamunyu vikaonekana Nairobi na Mombasa. Walakini mchongaji alibaki maskini. Alibeba mzigo wake kwa gari la moshi, akafika mjini na njaa, akauza kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi, kwa maana hakuwa na mahali pa kuulaza mzigo huo hata usiku mmoja. Wazee wetu, mtu asiye na ghala hana bei. Anayo ile aliyopewa.

Ndipo mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe wakaunda chama chao cha ushirika kando ya barabara ya Port Reitz, na baadaye kidogo wenzao wa Wamunyu wakafanya vivyo hivyo. Desturi yao twaipenda sana, nasi tumeiangalia kwa makini. Kila mchongaji hubaki na kazi yake mwenyewe. Chama hakimlipi mshahara. Amalizapo kinyago, hukitia alama ya nambari yake na bei, na kukipeleka katika duka la wote. Kikiuzwa, chama hukata sehemu yake kwa ajili ya duka, ulinzi na makarani, na iliyobaki ni ya mwenye nambari. Mzembe halipwi kwa jasho la hodari. Na mgeni aingiapo dukani humkuta simba wa fundi mkuu yu karibu na simba wa kijana aliyejifunza mwaka jana, kila mmoja na bei yake. Hapana ugomvi, kwa kuwa nambari husema.

Basi chama kile kilipata wanachama kwa maelfu. Lakini lilizuka jambo ambalo hapana mtu aliyelifikiri mwanzoni, nalo ni mti wenyewe. Mpingo hukua polepole mno; aupandaye hatauchonga, wala pengine mwanawe. Mhuhu, ambao wachongaji waliugeukia mpingo ulipoadimika, nao ni mti wa kungojwa muda mrefu. Watu walikata Ukambani, wakaja mpaka msitu wa Arabuko-Sokoke. Watafiti waliochunguza biashara hii katika miaka ya 1990 walikadiria kwamba wachongaji wa Kenya walihitaji zaidi ya miti 50,000 kila mwaka. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Chama kilikuwa kimeshinda madalali, kikawa karibu kushindwa na shoka lake chenyewe.

Jawabu lilikuwa limesimama uani mwa kila nyumba ya pwani: mwarobaini. Mti huu si wa asili ya hapa, uliletwa kutoka Bara Hindi, nao umestawi hata ukawa kero. Ndege na popo hula matunda yake na kutawanya mbegu kila mahali, mpaka vichakani. Hukua upesi, na baada ya miaka michache tu shina lake latosha kinyago. Wazee wa kazi waliukataa kwanza. Walisema ni mti wa dawa na wa kivuli, na kwamba hupasuka ukikauka na kuliwa na dumuzi. Kupasuka kwaweza kuzuiwa mti ukikaushwa kwa taratibu, na dumuzi kwa dawa ya boraksi. Lakini kazi hizo mbili zataka tanuri, pipa, na mtu wa kuziangalia, vitu ambavyo mchongaji mmoja hawezi kununua peke yake. Hapo tena ushirika ulionyesha faida yake. Mwembe uliozeeka bila kuzaa ukakubaliwa pia, na jakaranda, na mgrivea wa mashambani. Wakulima wa pwani wenye miti walijiunga katika chama chao, na katika mwaka 2005 vinyago vya miti hii vikapata cheti cha lile baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu liitwalo kwa kifupi FSC, hata mnunuzi wa Ulaya akaweza kujua kwamba kinyago alichokishika hakikutoka katika msitu ulioibiwa. Mkulima wa Malindi aliyekuwa akiuchoma mwarobaini kuwa makaa akapata mnunuzi mwingine.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa mabaya, maana hatukutumwa kuleta sifa tu.

Biashara yote ya vinyago iliegemea mgeni wa ng'ambo. Mwaka 1998 bomu lilipolipuka Nairobi, wageni walipungua. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 wakapungua tena. Na mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje mpaka mwanzo wa Agosti. Mchongaji alikaa mbele ya ndovu wake mia, asiwe na wa kumwuzia hata mmoja, kwa sababu hapana mtu wa Likoni anunuaye ndovu wa mti ili amweke mezani. Lakini mtu wa Likoni hununua mwiko. Hununua upawa, kinu na mchi, kibao cha mbuzi, kigoda, kitanda. Vingi vya vitu hivi siku hizi vimekuwa vya plastiki na huja kwa meli. Maoni yetu ni kwamba ushirika wetu ukiundwa, uanze na kibao cha mbuzi kabla ya ndovu. Fundi atainua pua kidogo, twajua. Walakini nazi hukunwa kila siku, ndege ziruke zisiruke.

Ubaya wa pili ni wa moyoni. Mwanachama akipata mnunuzi wa faragha usiku, humwuzia kwa bei ya chini kidogo kuliko ya dukani, akakwepa sehemu ya chama. Kesho yake analalamika kwamba duka ni bovu na taa hazikulipiwa. Hili halina dawa ya sheria. Lina dawa moja, nayo ni kumlipa mtu haraka. Mtu anayengoja miezi mitatu fedha ya kinyago kilichokwisha kuuzwa atauza cha pili mlango wa nyuma, nasi hatutamlaumu.

Ndugu zetu wa Kiambu wametuonyesha jambo hilo la malipo kwa maziwa. Chama cha wafugaji cha Githunguri kilianzishwa mwaka 1961 na wafugaji 31. Kwa miaka mingi kilikusanya maziwa tu na kuyapeleka kwa wengine wayatengeneze. Mwaka 2004 kikawa na kiwanda chake, na maziwa yakaingia Nairobi yakiwa katika pakiti yenye jina la Fresha, jina ambalo ni mali ya wenye ng'ombe. Zaidi ya hayo, kina maduka ya chakula cha mifugo huko huko vijijini: mfugaji huchukua unga wa ng'ombe leo, na bei yake hukatwa katika maziwa yake mwisho wa mwezi. Angalieni vizuri, hiyo si karadha ya dukani tuijuayo sisi. Ile ya Githunguri ina maziwa nyuma yake. Ile ya mtaani ina ahadi nyuma yake, na ahadi haikamuliwi.

Na jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha upande mwingine. Huko, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka huo huo ikaanzisha Operesheni Maduka, ambayo kwayo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili mahali pake pachukuliwe na maduka ya kijiji. Nia ilikuwa njema na ilisemwa kwa maneno mazuri. Lakini duka lilifunguliwa kwa amri, watu hawakutoa hisa zao, na wengi waliowekwa kusimamia hawakuzoea kuagiza wala kuhesabu mali. Rafu zikawa tupu, na kabla ya muda mrefu wenye maduka wakaruhusiwa tena. Vyama vya ushirika vyenyewe vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Twasema haya kwa heshima, kwa kuwa Mtanzania amejaribu kwa ujasiri mambo ambayo sisi tumeyatazama tu. Funzo tulilolichukua ni kwamba hata halmashauri hii isiamuru mtu kuingia. Anayependa kununua ndengu zake kwa mwenye duka amzoeaye, na anunue huko kwa amani.

Tukirudi kwetu: sheria ya mwaka 1997 ilitaka watu wasiopungua kumi ili chama cha ushirika kiandikishwe, tena ikaweka kwamba mwanachama mmoja asishike zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Kumi tunao katika safu ya mbele ya mkutano huu. Shida yetu si watu, ni mpango.

Twapendekeza ushirika uanze na vitu vinne tu ambavyo sisi wenyewe hununua au hutengeneza: ndengu, asali, vyondo, na vyombo vya mti. Asali twaitaja kwa makusudi. Asali ya Ukambani ina jina, na jina hilo linaharibiwa na watu wachanganyao sukari. Yule mfugaji wa nyuki mwenye mizinga yake ya magogo hupata bei ile ile na mdanganyifu, kwa kuwa chupani zote hufanana rangi. Iwekwe nambari ya mfugaji katika kila chupa, kama wachongaji watiavyo nambari katika kinyago. Siku chupa moja itakapoonekana mbovu, itajulikana imetoka kwa nani, na wengine hawatachafuliwa pamoja naye.

Upande wa nyumbani, mizani inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya rafu na kabla ya ubao wa jina. Mkulima auze kwa kilo, aone mshale mwenyewe. Gunia la lumbesa lisipokelewe hata kama mkulima mwenyewe, kwa mazoea, amelileta limejazwa hivyo. Usafirishaji tukodishe, tusinunue lori. Vijana watakasirika hapa, maana walikuwa wamekwisha kulichagua hata rangi. Lakini tumeona vyama vilivyonunua lori mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu lori lile limekaa juu ya mawe, na vyama vyenyewe chini yake.

Mti nao uingie katika kanuni. Kila mchongaji ajiungaye aonyeshe mti wake watoka wapi, na kwa kila shina analochonga pawe na miche iliyopandwa shambani, kwake au kwa mkulima anayemwuzia. Ulioutaja mpingo au mhuhu wa msituni, duka lisiupokee. Twajua wako mafundi wa rika la baba zetu ambao mikono yao haijui mti mwingine, na kwao neno hili ni gumu. Lakini mpingo aliouchonga yeye aliukuta umesimama, na mjukuu wake hataukuta.

Juu ya fedha, halmashauri ya ushirika isiwe halmashauri hii. Mtu asishike ufunguo wa fungu la maziko mkono wa kulia na ufunguo wa duka mkono wa kushoto, hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu siku ya shida mikono hiyo hujuana. Mweka hazina twapenda atoke katika akina mama wasukao vyondo. Vikundi vyao vimezungusha fedha miaka mingi bila karani, bila ofisi, na hesabu zao, tulipoziomba, zililetwa jioni ile ile.

Hisa tumeiacha bila kutaja kiasi, ili mkutano uamue. Maoni yetu ni kwamba iwe ndogo hata mpishi na mlinzi waiweze, na ilipwe kwa mafungu. Msaada wa nje usiombwe mwaka wa kwanza. Faida isigawanywe mpaka mkaguzi amekwisha kusoma hesabu mbele ya wanachama, naye awe mtu asiye wa kwetu.

Bwana Mwenyekiti, daftari la majina liko mezani kwa Katibu, na kurasa zake ni tupu. Atakayeandika jina leo hatoi fedha leo. Anatoa neno tu kwamba atahudhuria mkutano wa kwanza wa kutengeneza kanuni. Lakini kabla ya daftari kufunguliwa tunaomba kura moja ipigwe na mkutano wote, wapendao ushirika na wasioupenda, kwamba fungu la maziko litabaki lilipo. Mzee mwenye swali juu ya fungu hilo na aulize sasa, nasi tutakaa mpaka maswali yaishe.